Heko kwa Lina Ubani

Mwaka 1987, huko Houston, Marekani, John Adams alitoa opera yake Nixon in China, na watu wakastaajabu kuona ziara ya rais ikiimbwa jukwaani. Dar es Salaam ilikwisha kutangulia kwa njia yake. Mwaka 1984 Penina Muhando aliandika Lina Ubani, tamthilia ya vita vya Kagera na dhiki iliyofuata, akitumia hadithi na nyimbo.

Nampongeza kwanza kwa ujasiri. Vita vilipokwisha mwaka 1979, wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Miezi ikawa miaka. Kuanzia Temeke hadi Manzese watu walirauka kupanga foleni ya sukari na sabuni, wengine wakiacha kikapu au jiwe liwashikie nafasi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Kuyaandika hayo yakiwa bado mabichi, tena ukiwa mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, si jambo dogo.

Na sanaa yenyewe! Muhando na wenzake wa Mlimani, akina Amandina Lihamba, walimjua mtazamaji wetu: hakai kimya gizani, ataitikia, atadakia wimbo, pengine atamkosoa msimulizi papo hapo. Wakamwachia nafasi yake ndani ya mchezo. Kazi ambayo opera ya Ulaya huikabidhi okestra, hapa hubebwa na ngoma na kiitikio.

Vikundi vya vijana wa Kinondoni na Temeke vinavyotafuta mchezo wa kuigiza, naviomba vianze na huu.