Taarab na Tabaka: Aina za Utamaduni katika Jamii Moja

Neno utamaduni hutumiwa aghalabu kana kwamba jamii nzima huvaa vazi moja. Hutajwa utamaduni wa Waswahili, na mara msikilizaji hufikiria kanzu, utenzi na mlango wa nakshi. Usemi huo huficha jambo la msingi, nalo ni kwamba katika mji mmoja, wenye dini moja na lugha moja, huweza kuwapo tamaduni kadha, kila mojawapo ikiwa na wenyewe. Upo utamaduni wa waungwana, ulindwao kwa maandishi na nasaba. Upo wa mashamba, urithishwao kwa ngoma na unyago. Na upo wa umma wa mjini, uzaliwao pale wakutanapo watu wa asili mbalimbali.

Historia ya taarab ya Unguja yatoa kielelezo cha jambo hili. Katika enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), muziki huo ulikuwa burudani ya jumba la kifalme. Ulitokana na Misri na uliimbwa kwa Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kiliuendeleza miongoni mwa wanaume wa mjini. Wakati huohuo watu waliokuwa watumwa, ambao sheria ya mwaka 1897 iliwafungulia njia ya uhuru, walikuwa wakihamia Ng'ambo pamoja na ngoma zao.

Siti binti Saad aliivuka mipaka hiyo. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika ukoo wenye asili ya utumwa, akafanya kazi ya ufinyanzi, kisha akahamia mjini. Aliimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay, ikasambaa pwani nzima.

Juu ya msanii huyu wahakiki wameelekea kugawanyika pande mbili. Upande wa kwanza, ambao Shaaban Robert aliuwekea msingi katika Wasifu wa Siti binti Saad, humtazama kama kielelezo cha juhudi na tabia njema: mtu wa chini aliyepanda hadi kwenye heshima. Upande wa pili humwona kuwa sauti halisi ya makabwela. Kila upande una sehemu tu ya ukweli. Lau Siti angalitaka kupanda tu, asingaliimba habari za Kijiti, mwuaji aliyetoroka ilhali wanawake waliotoa ushahidi walitiwa gerezani. Wimbo huo uliishtaki mahakama yenyewe. Lakini pia haifai kusahau kwamba Siti aliimba majumbani mwa matajiri, na kwamba udi na fidla za kundi lake zilikuwa ala za taarab ya jumba. Alilofanya ni kutwaa zana za utamaduni mmoja na kuzitumia kueleza madai ya mwingine.

Kutokana na hayo, aina ya utamaduni haiwezi kubainishwa kwa umbo la sanaa peke yake. Taarab ya jumba la Barghash na taarab ya santuri za mwaka 1928 zina asili moja, bali haziwi utamaduni mmoja. Yapasa kuuliza ni nani aimbaye, humwimbia nani, na kwa lugha ya nani.

Suala hili si la nadharia tupu. Mtalaa uukubalio utenzi kwa kuwa umeandikwa, na kuukataa wimbo kwa kuwa ulienea kwa santuri, hudhani umechagua ubora kumbe umechagua tabaka. Hii haina maana kwamba kila wimbo upendwao na umma ni sanaa bora. Wimbo nao sharti upimwe kwa fikra na ufundi wake, sawasawa na utenzi. Lakini hauwezi kupimwa kabla haujaruhusiwa kuingia darasani, na mhakiki aufungiaye mlango huwa amehukumu kabla ya kusikiliza.