Shubiri Yangu na "Baba Yetu"

Weka kiganja mezani, tanua vidole mpaka viume, halafu pima kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo shubiri. Shosho alipimia nayo vitambaa, mimi napimia nayo piano. Yangu ni sentimita 18. Nimeipima mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kama mtu anayetarajia mkono ukue akiwa na miaka 27. Vibonye vinane vyeupe vya piano, yaani oktava moja, vina upana wa karibu sentimita 18.8. Kwa hivyo oktava naifikia, lakini kwa ukingo tu wa vidole, nikiomba nisiguse kibonye cha jirani. Vibonye kumi ni kama sentimita 23.5. Hapo hata maombi hayasaidii.

Hesabu hii niliijua kabla sijaanza kujifunza mpangilio wa piano wa "Baba Yetu", na bado nikaanza. Binamu yangu anaoa Desemba na ameomba wimbo huo mmoja tu. Si Pachelbel, si ile ya kila harusi. Anataka wimbo wa gemu.

Kama hujacheza Civilization IV, huenda wimbo huu uliusikia kwaya ikiimba na ukadhani ni wa kanisa letu tangu zamani. Sivyo. Uliandikwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya gemu hiyo iliyotoka mwaka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Walioimba kwenye gemu ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye ukarekodiwa upya na Soweto Gospel Choir kwenye albamu ya Calling All Dawns ya 2009, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Yaani Kiswahili kilipita California na Soweto kabla ya kunifikia mimi Buruburu, kwenye sidi ya kunakiliwa, kompyuta ikipiga kelele kama jiko la mafuta.

Gemu yenyewe ilitushinda. Tulichokipenda ni ile menyu ya mwanzo, dunia ikizunguka polepole na kwaya ikiimba. Tuliiacha iendelee bila kuanza kucheza. Anti alikuwa jikoni, na akadhani hatimaye tumefungua stesheni ya maana. Akaanza kuimba nasi kutoka huko huko, sauti ya alto, kwa sababu ameimba alto kanisani tangu kabla hatujazaliwa. Siku ya tatu hivi akasikiliza maneno vizuri. Akaja na mwiko mkononi. Kwani hawa ni akina nani wanaomwita Yesu Baba? Na kweli, mtunzi ameliweka jina la Yesu mahali ambapo sala tunayoijua haina. Anti hakuwahi kuusamehe wimbo huo, na hakuacha kuuimba.

Sasa, mpangilio. Jina la aliyeuandika nalihifadhi, maana lawama yangu inawahusu wengi wa kundi lake: watu wenye vipaji wanaochukua muziki wa gemu ulioandikiwa kwaya na okestra na kuuweka kwenye mikono miwili. Kurasa ni saba. Mbili za kwanza ni nzuri sana, na sisemi hivyo ili nionekane mwenye haki. Mkono wa kulia unaanza na noti moja moja, mkono wa kushoto unajibu, na katikati ameacha ukimya wa kutosha upumue. Ukurasa wa tatu ngoma zinaingia, zikiwa ni oktava za mkono wa kushoto zinazoruka huku na huku. Zinachosha, lakini zina maana. Bila hizo wimbo hauna miguu.

Shida ni ukurasa wa tano. Mkono wa kulia unadaiwa oktava yenye noti mbili ndani yake, tena na tena, huku wa kushoto ukidaiwa vile vibonye kumi kwa mpigo mmoja. Ni kwaya nzima ndani ya Probox. Najua, Probox hubeba chochote. Lakini ukifika, kuna mtu amekaliwa.

Mwalimu wangu wa kwanza alisema nyoosha kila siku, mkono utazoea. Nikanyoosha. Wiki tatu baadaye nilikuwa siwezi kukamua nguo. Kila mwanafunzi wa piano hupewa hadithi ya Robert Schumann, aliyeumia mkono wa kulia akiwa kijana na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Sisi tunaisikia kama historia tu, mpaka siku sufuria inapokuponyoka. Halafu kuna wale watakaokutajia Alicia de Larrocha, yule Mhispania ambaye kimo chake hakikufika futi tano na bado alipiga Rachmaninoff. Sawa, alipiga. Na Kipchoge alimaliza kilomita 42 chini ya saa mbili, lakini mimi bado nahema nikikimbilia matatu. Kinachosemwa kidogo ni kwamba upana wa vibonye haukushuka kutoka mbinguni. Josef Hofmann, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa enzi yake, alitengenezewa na Steinway piano zenye vibonye vyembamba kidogo kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo. Yeye alibadilishiwa piano. Sisi wengine tunaambiwa tubadilishe mkono.

Basi nikafuata ushauri wa pili, ule ambao kila mwenye mikono midogo hupewa: toa noti za katikati. Acha noti ya juu, kwa kuwa ndiyo wimbo, acha ya chini, kwa kuwa ndiyo msingi, na za ndani nani atazikosa? Nilifuta kwa penseli karibu ukurasa mzima. Ghafla ukapigika! Nikajirekodi, nikamtumia binamu.

Akajibu, "Ni poa. Lakini kuna kitu."

Kitu gani? Hakujua. Nikasikiliza mara nne kwenye basi, na nilipofika Jogoo Road nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfuta mama yake. Noti zote nilizozitoa zilikuwa alto na tenori. Alto hapewi wimbo. Anakaa kwenye noti tatu nne, anasogea hatua moja wakati wengine wametulia, na kwa hatua hiyo moja sala inageuka kutoka ombi kuwa shangwe. Akiondoka hakuna anayesema alto ameondoka. Watu wanasema kuna kitu.

Hapa ndipo naugombanisha ule mpangilio wenyewe, maana noti nilizozitoa si mimi wa kwanza kuzidharau. Yeye amezitumia kama pamba ya kujazia mto. Kila mahali ambapo okestra inapaa, jibu lake ni oktava: noti ile ile mara mbili, ya juu na ya chini. Hiyo si sauti mpya, ni mtu mmoja aliyepewa maikrofoni mbili. Na ili oktava zitoshee, alto anabanwa katikati, anaruka ovyo kutoka noti hadi noti bila njia yake mwenyewe. Mwenye mkono mkubwa hatagundua, kwa sababu vidole vyake vinafika kote na masikio yanaridhika na wingi. Mimi niligundua kwa sababu ilibidi nichague.

Nikafuta upya. Safari hii niliondoa noti ya chini ya kila oktava mkononi mwa kulia, nikairudisha alto kwenye dole gumba, itembee yenyewe. Zile za vibonye kumi nazivunja: noti ya chini inatangulia kidogo, pedali inaishikilia, kidole kinapanda kwa nyingine. Mahali pawili mkono wa kulia unaazima noti ya wa kushoto. Ukurasa wa tano sasa ni mwembamba, na naamini ni bora kuliko ulioandikwa. Unasikia watu wanne wakiimba.

Ukurasa wa saba, hapana. Nimejaribu kila hila. Pale mwishoni ngoma na kwaya vinakutana na wimbo unadai uzito, na uzito wa piano unatoka kwenye zile oktava nilizozitukana. Toleo langu linasikika kama harusi ambayo wageni wameshaanza kuondoka. Hapo aliyeandika alikuwa sahihi, nami sina mkono wa kumfuata.

Jumamosi iliyopita nilibeba kinanda changu cha vibonye 61 hadi kwa anti, nikakiweka kwenye meza ya kulia chakula. Vibonye vya chini vinaisha kabla ya wimbo, lakini kwa ukurasa wa tano vinatosha. Alikuwa anachambua ndengu. Nilipofika pale alto inapoanza kutembea, akaingia bila kuinua kichwa, akitumia maneno ya kanisani. Hayakutosha kwenye mdundo. Akasimama, akaanza tena, yakagoma tena.

"Huyo Yesu wao mmemtoa?" akauliza.

"Piano haina maneno, anti."

"Afadhali." Akatupa jiwe dogo kando ya sinia. "Rudia. Na hapo pangu usipakimbize."