The Replacements: filme nzuri yenye kuficha kitu

Kama ulimaliza masomo na uko unangoja kazi, filme The Replacements (2000) itakugusa. Keanu Reeves anacheza Shane Falco, kijana aliyekuwa na kipaji cha futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira sawa yai, lakini sasa anasugua mashua ya watu. Wachezaji wakubwa wanagoma, kocha (Gene Hackman) anamwita ajaze nafasi. Tunacheka, tunapiga makofi.

Hackman anacheza vizuri sana, hapo sina neno. Lakini kuko kitu filme inaficha: juu ya nini wale wengine waligoma? Inatuonyesha tu matajiri wenye kiburi, mmoja analalamikia bei ya asiranse ya Ferrari yake. Basi Falco hana cha kujiuliza. Kuchukua nafasi ya mtu mubaya si kazi ngumu.

Ukweli njo ulikuwa mugumu. Mwaka 1987 wachezaji wa NFL waligoma baada ya wiki mbili tu za msimu. Jambo kubwa walilodai: kontra ikiisha, mchezaji awe huru kwenda timu nyingine. Matajiri wa timu wakaleta wabadala, wakacheza wiki tatu. Wale wa Washington walishinda mechi zote tatu. Ya mwisho, tarehe 19 Oktoba, walipiga Dallas 13-7, hata kama Dallas ilikuwa na vigogo waliouacha mgomo, sawa Tony Dorsett. Mrusha mpira Ed Rubbert akaumia, akaingia Tony Robinson, aliyekuwa ametoka gerezani kwa ruhusa tu. Hata kwenye filme kuko mbadala aliyetoka gerezani!

Mgomo ukavunjika kwa siku 24, bila mapatano. Ule uhuru wa kuhama ulipatikana kabisa mwaka 1993. Wabadala wakarudi nyumbani. Januari 1988 Washington ikachukua Super Bowl, 42-10 mbele ya Denver. Zile mechi tatu zilihesabiwa, lakini waliozishinda hawakupewa pete ya ubingwa. Walingoja mpaka 2018, miaka 30!

Hapo njo filme inanikasirisha. Mwishoni inatuambia kwamba kurudi nyumbani bila kitu ni uzuri, sifa ya moyoni inatosha. Inatosha kwa nani? Kwa tajiri wa timu, ndiyo. Aliwatumia kuvunja mgomo, kisha akawasahau. Na wagomaji waliwaita wasaliti.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tafuta Year of the Scab, filme ya ukweli ya 2017. Pale wabadala wenyewe wanasema, sasa wazee, na unaona furaha na haya zikikaa kwenye uso mumoja. Haiwatukani, haiwasafishi. The Replacements inachekesha zaidi, lakini hii inabaki na wewe usiku.

Mimi siwezi kumuhukumu mwenye njaa aliyeitika. Lakini siku simu itakapokulilia wewe, na nafasi yenyewe ni ya mtu aliye barabarani anadai haki yake, uliza kwanza anadai nini. Falco hakuuliza. Wewe ungeuliza?