Besi Haisikiki Kwenye Simu

Rafiki ninayeishi naye hosteli aliniwekea "Sina Makosa" ya Les Wanyika kwenye simu yake, nikamwomba aniimbie kila alichokisikia. Aliimba sauti zote, akaiga na magitaa kwa mdomo, tena vizuri. Na besi je? Akarudia wimbo, akaisogeza simu sikioni, akacheka. "Besi gani? Haipo."

Kwa simu ile, kweli haikuwepo. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na kuusukuma upepo polepole namna hiyo kunahitaji spika yenye kifua. Spika ya simu ni ndogo kuliko kizibo cha soda. Tukaazima spika ya chumba cha pili, tukaiweka juu ya kabati, na safari hii kabati lenyewe likaanza kuimba. Rafiki yangu akasema ni kama wimbo mwingine.

Nina sababu ya kuanza na jambo hili, na si sababu ya kujivunia.

Babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, alipiga besi Tabora miaka ya 1970, kwenye bendi ambayo haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Maisha yake yaliyobaki alikuwa fundi wa reli. Alipofariki mwaka juzi, ukoo ulinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye "msomi". Niliandika alikozaliwa, alikosoma, miaka yake ya kazi, mjane na watoto aliowaacha. Niliandika pia sentensi moja kuhusu bendi. Kisha nikaanza kuulizia: ilianza lini, ikavunjika lini, kiongozi alikuwa nani? Kila mzee alinipa mwaka wake. Wawili walishikilia kwamba alipiga ridhim. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya mbinu za utafiti, kichwa kimejaa vyanzo na uthibitisho, basi nikaifuta ile sentensi. Wasifu ukasomwa pale Isevya chini ya turubai, reli mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza muziki wa dansi kama mtu anayedaiwa.

Mji wetu ukitajwa kwenye muziki, bendi ya kwanza kutajwa ni Tabora Jazz, wana Segere Matata. Wimbo ni "Dada Asha", na mtunzi ni Shem Ibrahim Karenga. Ukimtaka mtunzi mkubwa mwenye jina linalofungamana na Tabora, ndiye huyo. Alitoka Kigoma, alikoanzia na Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora miaka ya 1970, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako aliongoza MK Beats, wana Tunda Njema. Alifariki Desemba 2014. Ichore safari hiyo kwenye ramani: ziwa, Tabora, pwani. Ni njia ileile ya misafara, Ujiji hadi Unyanyembe hadi bahari ya Hindi, ambayo Wajerumani walikuja kuilalia reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Muziki ulipita humo pande zote mbili. Rumba ya Kongo ilivuka ziwa, santuri za Kikuba zilipanda kutoka pwani, na Tabora ilikuwa katikati ikipokea kotekote. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa ikipiga hapa kabla ya Uhuru. Nyanyembe Jazz nayo ilikuwa ya hapahapa. Hata Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi kwa sababu mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega.

Sasa uliza nani alipiga besi kwenye "Dada Asha". Nimewauliza watu wa rika la babu, mmojammoja, kwa shikamoo na soda. Mtunzi wanamjua wote. Solo wanabishana, na ubishi nao ni aina ya kukumbuka. Ukifika kwenye besi, mtu anatazama pembeni kidogo, anasema, "Yule… alikuwepo kijana mmoja hivi."

Mtoto wa Tabora hawezi kusikia jibu hilo bila kukumbuka ziara ya shule kwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Tuliambiwa alilala wapi, Stanley alilala wapi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu makumi kadhaa waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia hapa Unyanyembe. Susi na Chuma tunawajua. Waliobaki wanaitwa wapagazi. Katika biashara ile mtu mmoja alibeba ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30, miezi mitatu na zaidi kwa mguu, na vitabu vya wasafiri vina jina la kila kilima lakini si la kila bega.

Nilipomweleza babu ulinganisho huu, enzi za uhai wake, nikidhani ninamsifu, aliukataa. Kwanza, alisema, Mnyamwezi aliyekwenda pwani hakuwa punda, alikuwa na mshahara wake na alirudi akiwa mtu. Pili: "Besi niliichagua mimi, bibi. Usinionee huruma." (Aliniita bibi, kama mababu wafanyavyo kwa wajukuu wa kike.) "Solo ni wa harusi. Besi ni wa ndoa."

Kisha akanishika mkono, akaniambia nifumbe macho, akanibonyeza kwa vidole viwili juu ya kifundo. Mara mbili haraka, kimya, moja nzito, kimya kirefu. Tena. Tena. Mkono wangu ukaanza kungojea pale palipokuwa kimya.

Hilo ndilo somo langu lote la muziki, na bado sijapata kitabu kinacholieleza vizuri zaidi. Watu wengi hudhani besi inahesabu mapigo. Kwenye dansi letu wanaohesabu ni tumba na drams. Besi inasema sentensi fupi, inanyamaza, inasema tena, na mara nyingi inanyamaza pale hasa mguu wako ulipotegemea kuikuta. Mguu unajaza pengo wenyewe, na huko ndiko kucheza. Wimbo ukifika kwenye chemko, waimbaji wakishamaliza kisa chao, magitaa yanaanza kufukuzana na tarumbeta zinaingia, lakini besi inashikilia sentensi yake ileile. Ikiongeza maneno, watu wanakosa pa kukanyaga. Babu alisema mpiga besi mbaya anajulikana haraka: ana mengi ya kusema.

Rudi kwenye "Sina Makosa" ukiwa na spika ya maana. Les Wanyika iliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Wimbo ni utunzi wa Omari Shabani, mpiga ridhim, na anayeimba kwa uchungu ule ni John Ngereza. Besi ni ya Tom Malanga. Malanga hafanyi chochote cha kukufanya usimame umtazame. Anaweka noti zake chache, anaondoka, anarudi. Kwangu mimi ndiye anayefanya wimbo uaminike. Mwimbaji analalamika kwamba hana kosa, na mlalamikaji yeyote anaweza kuonekana anatia chumvi, lakini chini yake kuna mtu mtulivu asiyebadili maelezo. Uitoe besi, kama simu ya rafiki yangu inavyofanya, na unabaki na malalamiko matupu. Nadhani vijana wengi wa rika langu wanaupenda wimbo huu bila kuwahi kuusikia.

Mtu anaweza kusema kwamba kusahauliwa ndiko kawaida ya mpiga besi popote duniani. Si kweli kabisa, na mfano wangu una harufu ya Zanzibar kidogo. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, tunamdai sote. Hakuna anayemdai John Deacon, mpiga besi wake, kijana wa Leicester aliyesomea elektroniki na kuingia Queen mwaka 1971, wa mwisho kati ya wanne na mdogo kuliko wote. Kusema kweli Queen wananichosha. Kila kitu kwao ni sherehe. Lakini Deacon ndiye aliyeandika "You're My Best Friend", iliyotoka mwaka 1975, na ndiye aliyeandika "Another One Bites the Dust", ambayo mwaka 1980 ilishika namba moja Marekani. Msikilize kwenye huo wa pili. Noti moja anaipiga mara tatu, halafu anaacha shimo. Alikuwa amemsikiliza kwa makini Bernard Edwards wa Chic, kwenye "Good Times" ya mwaka uliotangulia, na amejifunza kwamba watu hutikisa kichwa ndani ya shimo. Babu hakuwahi kumsikia, nina hakika, lakini wangeelewana.

Baada ya kifo cha Mercury mwaka 1991, Deacon alijitoa taratibu, na tangu mwisho wa miaka ile ya 1990 hapigi tena hadharani wala hahojiwi. Na bado hajapotea. Jina lake liko kwenye santuri, mstari wa mtunzi, na pesa inafuata jina. Kuanzia albamu ya "The Miracle" ya mwaka 1989 Queen waliamua hata kuacha kutenganisha watunzi, kila wimbo ukawa wa bendi nzima. Dansi letu lilikuwa hivyo tangu mwanzo, wimbo wa bendi. Tofauti ni kwamba nyuma ya neno "Queen" yako majina manne ambayo dunia nzima inayo. Nyuma ya jina la bendi yetu kulikuwa na picha moja ya ukutani, kama ilikuwepo.

Bendi za bara zilitegemea studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, au zilikwenda Nairobi kwenye kampuni za santuri, hadi mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Kilichoandikwa kilikuwa jina la bendi, jina la wimbo, na ukibahatika mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayomtambua pia mpigaji na si mtunzi peke yake, ilikuja mwaka 1999. Wengi walikuwa wameshauza magitaa. Wale wasiofika kabisa studio, kama bendi ya babu, hawakuwa hata kwenye foleni ya kusahauliwa.

Sitaki lakini kuuacha muziki huu ukionekana mchoyo wa majina, kwa sababu una njia yake. Ndani ya wimbo, kwenye chemko, mwimbaji huwaita wenzake. Anamtaja wa solo, wa tumba, wa saksafoni, na wakati mwingine, kwa bahati, anamtaja wa besi. Suleiman Mwanyiro, aliyepiga besi Mlimani Park baada ya bendi hiyo kuanzishwa mwaka 1978, watu wanamjua hadi leo, na wanamjua zaidi kwa jina la jukwaani, Computer. Jina kama hilo halitoki kwenye lebo ya santuri. Linatoka kwa watu waliokuwa ukumbini, walisikia, wakarudi nalo nyumbani. Ndiyo maana sasa ninaposikiliza rekodi za zamani nina daftari pembeni, na kila jina linaloitwa ninaliandika, hata nisipojua ni la nani. Msimamizi wangu anauliza daftari hilo litaingia sura ya ngapi ya tasnifu. Nimemwambia sijui bado.

Mwezi uliopita nilifungua faili la wasifu wa babu, nikairudisha sentensi: "Katika ujana wake alipiga gitaa la besi katika bendi mjini Tabora." Bila mwaka. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mzee mmoja akajibu kwamba ni ridhim. Shangazi akaandika: "Gitaa halikuwa lake, lilikuwa la bendi. Siku wasiyopiga alifanya mazoezi kwenye mpini wa jembe. Ongeza na hilo." Nikaongeza.

Halafu usiku, saa nne na kitu, ikaingia sauti kutoka kwa ndugu mmoja wa Nzega, mtu mzima sana, ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye kundi lile. Hakusalimia. Alikohoa, kisha akaipiga besi kwa mdomo: mara mbili haraka, kimya, moja nzito, kimya kirefu. Kama dakika nzima hivi. Nilikuwa kitandani, simu iko juu ya mto, na ilisikika yote.