Kitabu Kisicho na Karatasi na Jina la Mtunzi

Wengi wanaoandika juu ya vitabu vya kielektroniki hukitazama kitu hiki kana kwamba ni kigeni kabisa katika fasihi yetu. Husema kuwa kitabu kimeacha karatasi na kuingia katika simu, na kwamba mwandishi wa Kiswahili sasa amekombolewa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inasahau sehemu kubwa ya historia. Fasihi ya Kiswahili iliishi muda mrefu bila ya mitambo ya chapa. Utenzi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu zilizonakiliwa kwa mkono. Aliyeupenda utenzi aliunakili mwenyewe, au alimwomba mwenye hati nzuri amnakilie. Hapakuwa na mchapishaji kati ya mtunzi na msomaji wake.

Kitabu cha kielektroniki kimeturudishia hali ya namna hiyo. Faili moja huzaa nakala elfu bila ya wino, na anayenakili haombi ruhusa. Yafaa basi tutazame jinsi wazee walivyojilinda. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutia jina, nasaba au mwaka wa utunzi katika beti za mwisho. Mwana Kupona binti Mshamu aliutia mwaka wa utenzi wake, yaani 1858 kwa hesabu ya miladi, ndani ya beti zenyewe. Jalada huweza kupotea, lakini ubeti uliofungwa kwa vina na mizani si rahisi kuung'oa.

Mitambo ya chapa ilipokuja iliweka mlango, na mlango ukapata bawabu. Hatusemi kwamba bawabu huyo alikuwa mbaya tu. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa vitabu vya Kiswahili ambavyo pengine visingeonekana kamwe, na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliendeleza kazi hiyo katika taifa huru. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitolewa mwaka 1967. Ikiwa mtu wa daraja lake alisubiri hata mauti yakamtangulia, kijana wa Tabora au Mtwara mwenye mswada wake wa kwanza angetumaini nini? Tena wachapishaji walielemea vitabu vya shule, maana shule ndiyo iliyokuwa na hakika ya kununua. Riwaya ambayo haikuteuliwa kusomwa darasani ikawa yatima.

Wapo waliouzunguka mlango huo. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers na kutoa humo riwaya zake mwenyewe. Kabla yake, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) ilikwisha kuonyesha kuwa wako wasomaji wa Kiswahili wasiosukumwa na mtihani wowote. Wahakiki waliziita kazi hizo fasihi pendwa, na baadhi yao walilitamka neno hilo huku wamekunja uso. Hata hivyo, aliyetaka kujichapishia alihitaji fedha za karatasi kabla hajauza nakala hata moja, na hapo ndipo wengi waliposhindwa.

Gharama hiyo sasa imeondoka, na hili ndilo jambo kubwa. Kampuni ya Amazon ilitoa chombo chake cha Kindle mwaka 2007, na siku hizi mwandishi anayekubaliwa kuweka kitabu katika duka lake la mtandaoni huweza kupata mrabaha wa asilimia 35 au 70 ya bei, ilhali mrabaha wa kitabu cha karatasi aghalabu huzunguka asilimia 10. Lakini tusishangilie kabla ya kusoma masharti. Ile asilimia 70 hutegemea bei na nchi anakokaa mnunuzi, na bei ya chini inayotakiwa, dola 2.99, ni zaidi ya shilingi 7,000 za Tanzania. Wala msomaji hawi mwenye kitabu kwa maana tuliyoizoea. Mwezi wa Julai 2009 kampuni hiyo ilifuta kutoka katika Kindle za wanunuzi nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Kimojawapo ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama.

Kwa maoni yetu, nafasi ya kweli ya mwandishi wa Kiswahili haimo katika duka la ng'ambo. Imo katika simu ya mkononi na malipo yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo msomaji wa Songea aliweza kumlipa mtunzi wa Dar es Salaam kiasi kidogo sana cha fedha bila ya benki wala posta. Waandishi waliliona jambo hili kabla ya wachapishaji. Huandika sura kila siku, huitoa bure katika Facebook hadi msomaji anase, kisha huuza sura zilizosalia katika vikundi vya WhatsApp, na mwisho hukusanya zote kuwa faili moja la kuuzwa.

Njia hiyo imezaa umbo lake la riwaya, na umbo hilo lastahili uhakiki wa haki. Kila sura hukatika mahali pa hatari: mlango unagongwa, bastola inatolewa, jina la baba halisi linakaribia kutajwa. Hilo halituudhi, gazeti la hadithi za mfululizo lilifanya vivyo hivyo. Linalotuudhi huonekana sura zinapounganishwa kuwa kitabu. Msomaji anayesoma mfululizo hukutana mara ishirini na muhtasari wa jana. Mhusika aliyekufa katika sura ya nane hurejea katika sura ya thelathini, kwa kuwa wasomaji walimlilia. Lugha nayo huchoka: r na l hubadilishana nafasi, na upatanisho wa sarufi hulegea palepale kisa kinapokaza. Haya si makosa ya mtu asiye na kipaji. Ni alama za mswada usiopitiwa na mhariri.

Hapa twatofautiana na wanaosema kuwa kumwondoa mchapishaji ni ushindi mtupu. Mchapishaji alikuwa na kazi mbili ndani ya ofisi moja: kuzuia na kusahihisha. Kitabu cha kielektroniki kimetupunguzia ile ya kwanza, nasi tumeitupa na ya pili. Mwandishi anayepata fedha kwa sura aweza kutenga sehemu ya mapato yake amlipe mwalimu mzuri wa Kiswahili aupitie mswada mzima kabla haujawa kitabu. Walimu hao wapo katika kila wilaya.

Limebaki suala la jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini sheria haiwezi kuingia katika kila kikundi ambamo faili hupitishwa usiku. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hutoa namba za ISBN, na mwandishi wa simu anayeiomba namba hiyo huacha nyuma yake kumbukumbu rasmi ya kitabu chake. Wengi hawaiombi. Badala yake huanza kila sura kwa mistari ileile: jina la hadithi, jina la mtunzi, namba ya sura, na namba ya simu ya kulipia. Anayetaka kuiba sura mia moja humbidi aifute mistari hiyo mara mia moja, na wezi wa vitabu aghalabu ni wavivu. Tumeona hadithi zilizonakiliwa bila ruhusa, zikapita mikono isiyohesabika, na katikati ya sura ya arobaini na mbili jina la mtunzi lingali pale pale, pamoja na namba yake.