Pengo Lisilozibika: Uhakiki wa Risala za Kumuaga Mwanasiasa

Katika nchi zetu hizi, mwalimu wa Kiswahili ana kazi moja ambayo haimo katika mtaala wowote, nayo ni kuwaandikia watu wengine risala. Akija mgeni wa heshima, mwalimu huitwa. Akistaafu kiongozi, wenzake katika siasa humwendea mwalimu. Wao ndio waliofanya kazi naye miaka mingi, lakini mwalimu ndiye anayesadikiwa kuwa na maneno. Risala hizo husomwa mbele ya watu, hupigiwa makofi, kisha hazihakikiwi na mtu. Katika makala haya nataka tuzihakiki.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Bujumbura, wajumbe wa baraza moja waliniomba niwaandikie risala ya kumuaga mwenzao. Nikaandika kwamba alikuwa mchapakazi, mpenda watu na nguzo imara, na kwamba ametuachia pengo lisilozibika. Makofi yakapigwa. Mwaka uliofuata akastaafu mwingine. Nami, kwa kuwa nilikuwa na mitihani mingi ya kusahihisha, niliichukua risala ile ile, nikabadilisha jina na tarehe. Makofi yakapigwa tena, wala hakuna aliyetambua. Nilirudi nyumbani nimeona haya, maana nilifahamu kwamba sikuwa nimemsifu yeyote kati ya wale wawili.

Kosa la kwanza la risala kama hizo ni la msamiati. Lugha yetu ina maneno kadhaa ya kueleza jinsi mtu anavyoacha madaraka, na kila moja lina maana yake. Kustaafu, neno tulilolipata katika Kiarabu, asili yake ni kuomba kuondolewa wajibu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kwa hiyo anayejiuzulu amejiondoa mwenyewe, na aghalabu kuna jambo lililomsukuma. Kung'atuka ni kuacha madaraka kwa hiari ili wengine wayapokee. Neno hili la mwisho limetoka katika Kizanaki, lugha ya nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, ambako wazee wa rika moja walilipisha rika lililofuata. Nyerere ndiye aliyelieneza katika Kiswahili alipokuwa akijitayarisha kuacha urais wa Tanzania. Mwandishi wa risala anayeandika kwamba fulani "ameng'atuka", hali ameshindwa katika uchaguzi, amesema uongo tangu sentensi ya kwanza.

Kosa la pili ni lile pengo. Tulitafakari kidogo neno hili tulilolizoea. Kama kiongozi amefanya kazi miaka 20 na akiondoka hapana mtu wa kushika nafasi yake, je, hiyo ni sifa au ni lawama? Hana budi kuulizwa alikuwa akimfundisha nani muda wote huo. Tukimpima Nyerere kwa kipimo hiki, tutaona kwamba sifa yake kubwa ni kinyume kabisa cha pengo lisilozibika. Mwaka 1984 Katiba ya Tanzania ilirekebishwa, ikaweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Mwinyi naye akaondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005, na Jakaya Kikwete mwaka 2015, kila mmoja baada ya vipindi vyake viwili. Pengo lilizibika, tena zaidi ya mara moja. Anayetaka kumsifu Nyerere na aseme hivyo, atakuwa amesema jambo ambalo haliwezi kubandikwa jina la mtu mwingine.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akajenge chama, na nafasi yake ikashikwa na Rashidi Kawawa. Mwisho wa mwaka huo nchi ilipokuwa jamhuri, Nyerere akawa Rais, na Kawawa akawa makamu wake. Risala nyingi humsifu aliyeondoka kitini, zikamsahau yule aliyekikalia kiti kwa miezi kadhaa kisha akakubali kurudi kuwa wa pili pasipo ugomvi. Kiongozi hafanyi kazi peke yake. Risala inayosomwa na wenzake isipowataja wenzake hao na kazi waliyoifanya pamoja, yashangaza kwa nini wamesimama pale.

Kosa la tatu, na ndilo zito, ni kuogopa kutaja makosa. Watu husema kwamba siku ya kuagana si siku ya kuhesabiana. Ni kweli kwamba adabu ina mahali pake, na mimi sisemi risala igeuzwe kuwa hati ya mashtaka. Lakini wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayeagwa hatagema tena, bali wagema wanaobaki wamekaa viti vya mbele wanasikiliza. Mtu anayeisifu elimu ya watu wazima na ya msingi wakati wa Nyerere asiinyamazie Operesheni Vijiji, ambayo kati ya mwaka 1973 na 1976 ilihamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu. Wala asiisahau sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Nyerere mwenyewe hakuona haya kukiri kwamba serikali yake ilikosea. Basi kwa nini mwenye kumsifu awe mwoga kuliko msifiwa?

Sisi wa Burundi tuna sababu yetu ya kulikumbuka jambo hili. Mzee huyo, miaka zaidi ya 10 baada ya kung'atuka, ndiye aliyekuwa msuluhishi katika mazungumzo ya amani ya nchi yetu kule Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijakwisha. Nelson Mandela, ambaye naye alikuwa ameacha urais wa Afrika Kusini mwaka huo huo, akaipokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo mtu aliondoka na kazi ikaendelea. Kama angekuwa bado rais, si rahisi kusadiki kwamba angekuwa na muda na uhuru wa kukaa na wagombanao mwezi baada ya mwezi. Kuondoka kwake madarakani kulikuwa na faida kwetu pia.

Basi tufanyeje, walimu wenzangu? Hapo tutakapoombwa tena kuandika, tusianze kuandika siku hiyo hiyo. Tuwaulize wenzake: alifanya jambo gani ambalo ninyi hamkuthubutu? Mlipingana naye juu ya nini, na nani alikuwa na haki? Nani anaishika kazi yake kesho? Majibu hayo yakipatikana, sifa zitajiandika zenyewe, na vivumishi vichache vitatosha. Hata darasani zoezi hili lafaa: mpe mwanafunzi risala, ulifute jina, umwulize anayeagwa ni nani. Asipoweza kujibu, arudie kuandika.

Mimi nimekwisha kuichana ile risala yangu. Yule mzee wa pili bado yu hai, nami humpita akiwa amekaa barazani kwake jioni. Kila mara hunisimamisha, hunishukuru kwa maneno mazuri niliyomwandikia.