Mzigo wa Mwenzio: Mpagazi katika Masimulizi ya Kilimanjaro

Katika milima yote ya Afrika hakuna uliotajwa katika vitabu, nyimbo, picha na stempu kama Kilimanjaro. Wageni wameuandika kwa muda wa zaidi ya miaka 170, na sisi wenyewe tumeuweka katika Nembo ya Taifa, ukiwa chini ya miguu ya mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, wingi wa maandishi si ushahidi wa ukamilifu wake. Mhakiki anayeyasoma masimulizi hayo moja baada ya jingine hana budi kuuliza swali la msingi: katika safari hizi za siku tano, sita au zaidi, za kutoka msituni hadi kambi ya mwisho chini ya kilele, nani amebeba mzigo, na nani amepewa ulimi wa kusimulia? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mbeba mzigo na msimulizi wamekuwa karibu daima watu wawili mbalimbali. Upungufu huo si wa adabu tu, bali ni wa sanaa pia. Hadithi ya mlima isiyo na mpagazi haielezi jinsi mlima ulivyopandwa.

Huenda msomaji akashangaa kuona jambo hili likizungumzwa kutoka Dar es Salaam. Sisi tunaofanya kazi karibu na Feri, pale Magogoni, tumezoea usawa wa bahari, na wengi wetu huujua mlima kwa picha tu. Lakini mji huu una sababu yake ya kusema. Mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa kutoka kwa Wajerumani, walifanya kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi mahali ambapo leo kuna soko kuu. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, lilipopita katika ulimi wa wenyeji, likawa Kariakoo. Kwa hiyo kila anayetaja Kariakoo, awe anauliza bei ya vitunguu au anatafuta basi, anawataja wapagazi bila kujua. Watu hao walibeba risasi na chakula cha vita visivyokuwa vyao, na wengi sana walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Si mbali na hapo, katika Mtaa wa Samora, ipo Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi yumo katika maneno, lakini hakusimamishwa juu pamoja naye. Tunaomba msomaji aishike picha hiyo, kwa maana ndiyo kanuni ya karibu masimulizi yote ya Kilimanjaro: mpagazi hutajwa, lakini haonekani.

Tuanze na simulizi la kwanza. Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka upande wa Mombasa, aliiona theluji ya Kibo kwa mbali. Habari yake ilipofika Ulaya ilizusha ubishi mkubwa. Bingwa mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alikataa kabisa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Habari hii hufundishwa kama habari ya Mzungu aliyeona na Mzungu aliyekataa. Lakini kuna mtu wa tatu. Rebmann hakusafiri peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Kwa maelezo ya Rebmann mwenyewe, alipouliza weupe ule ni kitu gani, kiongozi wake alijibu kwa neno lenye maana ya baridi tu, na hapo ndipo yeye akatambua kwamba ni theluji.

Ukilitazama kwa jicho la mhakiki, tukio hili ni la ajabu. Rebmann anaandika kana kwamba kiongozi hakujua, na yeye ndiye aliyejua. Lakini hoja iliyomfikisha kwenye theluji ilitoka katika kinywa cha kiongozi. Asiyejua angesema ni wingu, au ni fedha, au ni jiwe jeupe. Aliyesema baridi alitoa sifa ya kitu, tena sifa isiyoonekana kwa macho kutoka mbali. Ilikuwa elimu ya watu wanaoishi chini ya mlima na wanaosafiri kando yake, iliyofupishwa katika neno moja. Msimulizi alilipokea neno, akalitumia, kisha akajiandikia ugunduzi.

Simulizi la pili ni la Hans Meyer, Mjerumani ambaye pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria alifika kilele cha Kibo mnamo Oktoba 1889. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887, akafika kwenye barafu, akashindwa. Mwaka 1888 alirudi, akakwamishwa njiani na vita vya Abushiri. Ni nini basi kilichobadilika mwaka 1889? Mlima ulikuwa ule ule na barafu ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango wa kambi. Safari hii kambi zilipangwa ngazi kwa ngazi kutoka Marangu hadi uwanda wa juu, zaidi ya mita 4,000, na wapagazi walipanda na kushuka kupeleka chakula na kuni. Kwa sababu hiyo wapandaji waliweza kukaa juu siku nyingi, kujaribu, kushindwa, kupumzika na kujaribu tena. Kwa maneno mengine, aliyeushinda mlima si mguu wa mtu mmoja, ni ile kambi. Na kambi haikuwa chochote ila migongo ya watu.

Kitabu cha Meyer, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1890, hakiwafichi watu hao. Humo tunakutana na Muini Amani wa Pangani, mtu wa pwani kama sisi, aliyebaki na Wazungu wawili katika kambi ya juu. Hebu msomaji afikiri: mtu aliyezaliwa penye minazi, akikaa usiku katika jangwa la mawe ambako maji huganda. Aliwaza nini? Aliitaje ile barafu? Aliporudi Pangani aliwasimulia nini watu wa barazani? Kitabu hakisemi, kwa sababu fani yake haina nafasi ya swali hilo. Muini Amani ni mhusika bapa: ana kazi, hana nafsi.

Huko Marangu kuna simulizi jingine, lisilotoka kitabuni. Humo kiongozi wa safari ile ni kijana wa pale pale, Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari hiyo, mzee Lauwo alikuwa bado hai na alitunzwa mbele ya watu. Alifariki mwaka 1996. Masimulizi haya mawili hayapatani kila mahali, na si kazi yetu hapa kuwa mahakimu wa historia. Kazi yetu ni kuonyesha tofauti ya masikio yaliyoyapokea. Simulizi la Meyer lilichapwa mara moja. La Marangu lilisubiri karne nzima ndipo lisikike nje ya kihamba.

Simulizi la tatu ni la kubuni, nalo ni hadithi fupi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro, iliyotoka mwaka 1936. Hatuna haja ya kuudharau ustadi wa mwandishi huyo. Mwindaji Harry, naye mwandishi, amelala kambini chini ya mlima akifa kwa kidonda kilichooza, na kifo chake kinachorwa kwa ukweli wa kutisha. Lakini tazameni kambi hiyo. Mtumishi anaitwa Molo. Anaitwa ili alete kinywaji, anaitika, basi. Na mwishoni, katika ndoto ya kufa, Harry anapelekwa kileleni kwa ndege. Hapo ndipo mfuatano wetu unapotimia. Rebmann alilichukua neno la kiongozi, Meyer akaichukua migongo ya wapagazi, na Hemingway hamhitaji yeyote kati yao; mlima wake unafikiwa bila hatua moja ya mwanadamu. Mpagazi aliyekuwa katika maneno sasa ametoka hata katika maneno.

Msomaji atauliza: je, Uhuru haukuyasahihisha haya? Umesahihisha mengi, na tusiwe wachoyo wa kusema. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge na bendera ya Tanganyika katika kilele kile, ambacho Meyer alikuwa amekiita kwa jina la Kaisari wake. Sasa ni Uhuru. Kibanda kilichoitwa kwa jina la Bismarck ni Mandara, na kile cha Peters, mtu aliyewatesa wazee wetu, ni Horombo. Yote mawili ni majina ya watawala wa Uchagga. Lakini majina yanaweza kubadilika na muundo wa hadithi ukabaki pale pale. Mpaka leo, mtu akirudi kutoka mlimani, awe mgeni au mwananchi, husema “nimeupanda.” Kiambishi hicho cha nafsi ya kwanza umoja kimeficha watu wengi.

Hebu tuitazame safari yenyewe kama inavyofanyika katika njia ya Marangu. Siku ya kwanza ni msitu, hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili ni vichaka na nyasi, hadi Horombo, mita 3,720. Wenye busara hulala hapo siku mbili ili miili izoee. Kisha huvukwa uwanda mkavu baina ya Mawenzi na Kibo hadi kibanda cha Kibo, mita 4,720. Hapo hakuna maji. Kila kikombe cha chai kinachonywewa kimepandishwa kwa nguvu za mtu kutoka chini. Mnamo usiku wa manane safari ya mwisho huanza, wakati changarawe ingali imeganda na mguu hauzami sana. Juu, penye mita 5,895, hewa inayofaa kuvutwa ni karibu nusu ya ile tunayoivuta hapa Feri. Mgeni amebeba mkoba mdogo. Mpagazi, ambaye sheria za Hifadhi zimemwekea kikomo cha kilo 20, amempita njiani zamani, amefika, ameteka maji, na mara nyingi hatakiona kilele ambacho mgeni atapewa hati yake.

Na je, watu hawa hawana fasihi? Wanayo. Wenyewe hujiita wagumu, na katika neno hilo kuna fahari na kuna malalamiko kwa pamoja. Wana neno “polepole,” ambalo watalii wamelifanya mzaha. Kumbe ni elimu ya mwili iliyokomaa. Anayekwenda haraka katika hewa nyembamba huugua, na wengine wamekufa. Wana pia wimbo wa kumpokea mgeni, uliojengwa juu ya ule uliorekodiwa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya. Maneno yake ya mlimani yanamkaribisha mgeni, yanamwasa aende taratibu na anywe maji. Kifani ni wimbo mwepesi, unaoshikika upesi, wenye kiitikio kinachowaingiza hata wasiojua Kiswahili. Kimaudhui tunaona upungufu ule ule: ni wimbo wa mwimbaji anayejificha. Mzigo haumo. Baridi ya usiku haimo. Mshahara haumo. Mpagazi anaimba kwa sauti yake, lakini kwa masikio ya mwingine.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii huchukuliwa kuwa ni lawama kwa mtu asiye na huruma. Sisi twaona ni lawama kwa msimulizi pia. Anayesimulia mzigo asioubeba, bila kumuuliza aliyeubeba, huufanya mwepesi, na hadithi yake huwa nyepesi vivyo hivyo.

Basi ndugu walimu, kazi ipo, na haihitaji fedha nyingi. Walio Kilimanjaro wawapeleke wanafunzi kwa wazee waliowahi kuwa viongozi na wapagazi, waandike masimulizi yao kwa maneno yao, pamoja na majina waliyoyapa mawe, upepo na maradhi ya mlimani. Walio Dar es Salaam wasidhani wamesamehewa. Pale Feri, alfajiri, wachukuzi wanapandisha samaki kutoka majini hadi mnadani. Pale Kariakoo, mahamali wanapenya na magunia kichwani wakidai njia. Nao wana miito, mafumbo na utani ambao hakuna kitabu kilichouhifadhi. Mwanafunzi atakayejifunza kuisikiliza lugha ya mchukuzi wa Feri atajua namna ya kumsoma Muini Amani, na atajua swali la kuuliza kila atakapokutana na kitabu ambamo mtu mmoja amefika juu.

Siku riwaya ya Kiswahili ya Kilimanjaro itakapoandikwa, na tunaamini itaandikwa, tungependa kuona msimulizi wake akiianza safari na kilo zake 20 kichwani.